Vyungu vya Jumamosi

Yotamu aliapa siku ya Alhamisi asubuhi, ndani ya kanisa, mbele ya watu wasiopungua sitini, mkono wa kulia juu ya Biblia. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza pasi ya mkaa ililitemea majivu kifuani. Kwa mtu aliyezoea kuvuta nyavu kifua wazi, shati lile lilimbana kuliko kiapo chenyewe.

"Babu yangu Emanueli hakumpora mtu," alisema. "Zile buti aliziokota ufukweni, baada ya ndege kuanguka. Mwenye buti hakumwona, hai wala maiti. Hivi ndivyo alivyonieleza mama yangu, na hivi ndivyo ninavyoapa."

Binti yake Janeth, mwalimu wa sekondari huko Ngonga, aliyatia maneno hayo kwenye Kiingereza akimwelekea mgeni aliyekaa benchi la mbele. Mgeni alikuwa mama wa Kizungu, Bi Frances, miaka themanini na mmoja, mwenye fimbo na kofia ya majani. Alikuwa tumboni bado wakati ndege ya vita ya Waingereza ilipogonga mlima juu ya kitongoji hiki, mwaka 1943. Ndani yake walikuwamo askari watatu. Wawili walikutwa wameungua kwenye mabaki. Wa tatu, baba yake Bi Frances, hakupatikana mpaka leo. Zilizopatikana ni buti zake, miezi minne baadaye, zikiwa miguuni mwa mvuvi mmoja kwenye gulio la Matema. Mvuvi huyo ndiye Emanueli, naye akafungwa miaka miwili. Na sasa kuna kitabu, kimeandikwa huko kwao na watu wanaopenda habari za ndege za zamani, kinachosema kwamba wenyeji walimvua askari yule kila kitu, kisha wakamtupa ziwani.

Eliud, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyepanga shughuli yote ile. Marafiki wa Bi Frances walikuwa wameahidi jiwe la kumbukumbu, na pamoja na jiwe, gati dogo la saruji. Huku kwetu, mbele ya Ikombe, barabara haifiki, na mama mjamzito hupakiwa kwenye boti kwa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo gati si jambo la mchezo. "Hakuna anayewajengea wezi gati," Eliud alikuwa akisema nyumba kwa nyumba. "Lazima jina letu lisafishwe."

Karatasi ikasainiwa, wasiojua kuandika wakatia dole gumba, na watu wakapiga makofi. Yotamu alitoka nje macho yakiwa na machozi, wala hakuona haya. Tangu utoto wake ukoo wao uliitwa watu wa Buti. Wavu ukipotea ziwani, kuna atakayeuliza kwa utani kama wa Buti ameamka mapema leo. Mkewe, Tulinagwe, alipoolewa, shangazi zake walimshauri mbele ya watu afiche ndala zake chini ya mto anapolala. Watu walicheka, naye alicheka. Miaka thelathini imepita na hajasahau.

Siku ile hakuna aliyecheka. Mzee mmoja ambaye hajawahi kumsalimu Yotamu kwanza, alimsalimu kwanza.

*

Bibi Naomi, mama yake Yotamu, hakwenda kanisani. Ana miaka tisini, magoti yamekataa. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka wake kando ya migomba, akisugua tumbo la chungu kibichi kwa kijiwe laini. Kazi hiyo bado anaiweza. Tulinagwe hufinyanga, yeye hung'arisha, na vyungu vya nyumba hiyo vinajulikana gulioni.

Tulinagwe alimletea uji na habari. Alisimulia yote kwa furaha: shati, makofi, na jinsi yule mama wa Kizungu alivyompa Yotamu mkono.

Bibi alikiweka kijiwe chini. "Ameapa kwa Biblia?"

"Kwa Biblia ya kanisa, Mama."

"Kwamba hatukumwona?"

"Kwamba babu hakumwona, hai wala maiti."

"Niitie Yotamu."

Yotamu alikuja angali na shati lake. Janeth, aliyeomba ruhusa ya siku tatu shuleni kwa ajili ya shughuli hii, alikuja nyuma yake. Bibi hakuwaambia wakae. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya kawaida.

"Mwanangu, nimekuapisha uongo. Mtu yule yuko hapa. Yuko chini ya huu mkeka."

Tulinagwe alirudi nyuma hatua mbili. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiomba achomee vyungu pale, maana upepo haufiki, na miaka yote mama mkwe alikataa bila kutoa sababu. Mara moja waligombana mpaka wakanuniana wiki nzima.

"Mama," Yotamu alisema, "uliniambia aliziokota."

"Ndivyo nilivyofundishwa kusema. Nilikuwa na miaka tisa." Akavuta pumzi. "Ndege iligonga Ijumaa jioni. Jumamosi alfajiri baba yangu, babu yako, alimkuta bondeni, pale kijito kinaposhuka. Alikuwa hai. Mguu umevunjika, na kifuani kunapiga filimbi akivuta pumzi. Wakamleta kivulini, baba na mama. Wakamnywesha maji."

"Halafu?"

"Halafu ilikuwa Jumamosi."

Walingoja aendelee. Bibi alionekana kushangaa kwamba hawajaelewa.

"Siku ya gulio! Mtumbwi ulikuwa umeshapakiwa tangu jana yake. Vyungu vya mwezi mzima, kimoja juu ya kingine, nyasi katikati. Wewe Tulinagwe unajua, kupakia ni nusu siku, na kupakua ni hivyo hivyo, ukiharakisha unavunja. Mtumbwi ulikuwa mmoja. Zahanati ya misheni iko kule kule kwenye gulio. Ama aende yeye, ama viende vyungu. Mama akasema, tukauze kwanza, tutarudi na mtumbwi mtupu, tutamlaza vizuri."

"Kwa nini hawakusema kule?" Janeth aliuliza. "Wangewaambia watu wa misheni, boti ingekuja."

"Baba alisema anayemfikisha Mzungu akiwa hai hupewa zawadi. Wakisema gulioni, wenye mitumbwi miepesi watawatangulia." Bibi alikishika tena kijiwe, lakini hakusugua. "Upepo wa mwera ukavuma mchana wote. Walirudi jua linazama. Nilikuwa nimekaa naye mimi."

Kuku mmoja alipita juu ya mkeka, na Tulinagwe akamfukuza kwa ukali usiostahili.

"Wakamwosha," Bibi aliendelea. "Wakamvua, wakamviringisha nguo mpya ya mama, wakamzika. Mtu hazikwi na viatu. Na aliyeosha maiti haondoki mikono mitupu, hata leo hupewa nguo za marehemu."

"Hupewa, Mama," Yotamu alisema kwa uchungu. "Hupewa na wenye msiba. Babu alipewa na nani?"

"Na nani," Bibi aliitikia. "Alijipa."

*

Usiku huo Yotamu hakulala, na Ijumaa hakwenda ziwani. Alikwenda dukani kununua chumvi ambayo nyumbani ilikuwapo tele. Muuza duka alimpa soda akakataa pesa. Mtu akampisha kwenye benchi. Vitu vidogo hivi, ambavyo wengine huvipata kila siku bila hata kuvitambua, vilimlemea Yotamu. Maskini akipata heshima ya siku moja huishika kama yai, na mwenzetu yai lake lilikuwa limeshapasuka ila watu hawajaona.

Eliud alimkuta pale pale. "Ugonile, mzee wetu! Jana umetuokoa. Mgeni anaondoka kesho kwa boti. Leo jioni anataka kuja kumsalimu bibi, wapige na picha."

"Mama ni mgonjwa."

"Hata akiwa mgonjwa. Ni salamu tu. Mwambie aseme kama ulivyosema wewe, basi." Eliud akashusha sauti. "Makaratasi ya gati yako mfukoni mwangu, baba. Ndaga fijo, asante sana."

Nyumbani Yotamu aliwakuta wanawake watatu jikoni. Alisema akiwa amesimama mlangoni, kama anayeogopa akiingia watamshinda.

"Mgeni anakuja jioni. Mama atasalimia tu. Hatasema kitu."

"Nitasema," Bibi alijibu.

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Nimeapa. Unajua wataniita nani?"

"Hukujua ulipoapa. Dhambi ni yangu."

"Dhambi itakuwa yako, aibu itakuwa yangu! Na gati je? Mke wa nani atakufa kwenye boti mwaka huu, useme ni kwa ajili ya maneno ya mwaka arobaini na tatu?"

Hapo alisema kweli, na kila mtu alijua amesema kweli. Tulinagwe aligeuza ugali mara mbili kabla ya kumjibu.

"Baba Janeth, mimi hilo jina la Buti nimelivaa miaka thelathini, nisikudanganye, jana nilifurahi mpaka nikaimba. Lakini mama huyu akifa na neno hili kooni, si yeye atakayekosa usingizi. Ni wewe. Nitakuwa nalala pembeni yako, nitajua."

"Na huyo mtoto wa marehemu?" Janeth alisema taratibu. "Jana njiani aliniambia. Mama yake aliletewa barua kwamba mumewe alikufa papo hapo, hakuumia. Aliisoma barua hiyo kila mwaka mpaka akafa. Bi Frances anayo mkobani. Tumwambie nini? Kwamba alikaa siku nzima anapiga filimbi kifuani, kwa sababu ya vyungu?"

Bibi Naomi aliinamisha kichwa. Hili la barua alikuwa hajalijua, na lilimwumiza waziwazi.

"Angekuwa wangu," alisema mwishowe, "ningetaka kujua alipo, na alikaa na nani."

Yotamu alitoka bila kula.

*

Bi Frances alikuja saa kumi jioni, Eliud akimshika mkono kwenye mawe. Alikuwa amebeba kilo moja ya sukari ndani ya mfuko wa karatasi, kwa kuwa aliambiwa ndivyo watu wanavyotembeleana. Tulinagwe aliipokea kwa mikono miwili. Wakamwekea kiti, lakini alipomwona Bibi Naomi chini kwenye mkeka, alikiacha kiti, akajishusha chini kwa shida kubwa, mifupa ikilia, mpaka wakawa wameketi uso kwa uso. Hakujua amekaa juu ya nini.

Yotamu alikuwa ameketi kizingitini. Alitazama ziwani.

Walisalimiana. Bi Frances akasema, na Janeth akatafsiri, kwamba ameshukuru kwa kiapo cha jana, kwamba kile kitabu atakijibu yeye mwenyewe, na kwamba hana kinyongo na mtu. Alichotaka ni kuona mahali. Maisha yake yote hajui baba yake yuko wapi, na sasa angalau amelitazama ziwa.

Bibi Naomi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema. Alisema yote, kama alivyowasimulia jana, bila kupunguza kitu: bonde, mtumbwi, vyungu, zawadi waliyoitamani, mwera, buti. Sauti yake haikutetemeka ila alipofika kwenye jua kuzama. Eliud, aliyekuwa akiandaa simu kwa ajili ya picha, aliishusha.

"Mwambie," Bibi alimwambia mjukuu wake.

Janeth alimgeukia mgeni. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, akichagua maneno. Alisema kwamba babu zao walimkuta askari bondeni akiwa amekwisha kufa. Kwamba walimwosha, wakamvika nguo mpya, wakamzika papa hapa, wakaficha kwa kuogopa kifungo. Alisema alikufa papo hapo, kama ilivyo kwenye barua.

Bi Frances aliweka kiganja chake juu ya mkeka. Alilia bila sauti, machozi ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akaushika mkono wa Bibi Naomi, wenye udongo uliokaukia kwenye kucha, akaubusu.

Bibi aliutazama mkono wake ukibusiwa. Akautoa.

"Janeth. Hujamwambia."

"Nimemwambia, Bibi."

"Hujamwambia. Mtu aliyeambiwa neno hilo hawezi kunishika mkono."

Janeth alifunika uso. Tulinagwe alimsogelea, asijue amshike au amwache. Mgeni alitazama huku na huku akiuliza kuna nini, mpaka Yotamu alipoinuka kizingitini.

"Mzee Yotamu," Eliud alisema haraka, "mambo yameshaisha vizuri. Fikiri gati. Fikiri kiapo chako."

"Ndicho ninachofikiri."

Yotamu anajua Kiingereza kidogo, cha kuuzia samaki wageni kwenye hoteli za Matema: bei, leo, kesho, mbichi, samahani. Kwa maneno hayo machache alimwambia. Alichuchumaa mbele yake akatumia na mikono. Kwamba hakufa. Kwamba alikuwa hai, asubuhi mpaka jioni. Kwamba mtumbwi ulikuwa mmoja, umejaa vyungu. Akaonyesha vyungu vilivyokuwa vikikauka ukutani, ili asikosee. Kwamba walikwenda kuuza, na waliporudi alikuwa amekwisha. Kwamba buti walichukua. Kwamba jana kanisani alisema uongo bila kujua, na leo anajua. Samahani alilisema mara tatu, maana hakuwa na neno lingine kubwa kuliko hilo.

Jasho lilimtoka kama aliyekokota mtumbwi peke yake. Eliud alitoa makaratasi mfukoni, akayatazama, akayarudisha. Hakuaga. Walimsikia akishuka kwenye mawe kuelekea ufukweni, akizungumza peke yake.

Bi Frances alivitazama vile vyungu ukutani. Machozi yalikuwa yamekauka. Akauliza jambo kwa sauti ndogo, na safari hii Janeth alitafsiri neno kwa neno, huku mwenyewe akilia.

"Anauliza, baba yake alisema nini siku nzima?"

"Alisema mengi. Sikujua lugha yake. Nami nilimwambia kwa Kikisi chetu kwamba wanakuja, nikamwonyesha ziwani. Basi akawa anatazama ziwani. Kila nikimwonyesha, anatazama."

"Anauliza, kwa nini hukukimbia kuita watu? Nyumba nyingine hazikuwapo?"

"Zilikuwapo. Mbele ya mawe yale." Bibi Naomi alijibu akimtazama mwenzake machoni. "Niliambiwa nisimwache peke yake. Sikumwacha. Sijamwacha mpaka leo."

Jibu hilo lilipomfikia, Bi Frances alifumba macho. Hakusema kwamba amesamehe, na wala hakusema kwamba hakusamehe. Alivua kofia yake akaiweka pembeni, akanyoosha miguu yake miwili iliyovimba juu ya mkeka, akasema sentensi moja fupi. Janeth aliisikia vizuri, lakini hakuweza kujua kama ni wema au ni ukali, na alipomtazama usoni hakupata msaada.

"Anasema nini?" Bibi aliuliza.

"Anasema sasa yeye amefika. Anasema wewe uondoke hapo."

Bibi Naomi aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa haki, hata yeye aliona ni haki. Alimpa Tulinagwe mkono, akainuka kwa vipande, goti hili kisha lile, akatoka kwenye mkeka bila kugeuka. Alivuka uwanja hatua kama kumi, akasimama katikati, baina ya jiko na nyumba, mikono imening'inia. Yotamu alimwita aingie ndani apumzike. Alisema anakuja, lakini hakwenda. Alimshika mkwewe kanga, kama mtu aliyefukuzwa msibani, akamwuliza kwa kunong'ona.

"Sasa mimi nikae wapi?"